Kipima betri nilichojitengenezea kwenye gari la safari: uzoefu wangu

Nianze na usiku ulioniaibisha. Ulikuwa usiku wa pili kambini, mawingu yalishinda juu yetu na sola haikuingiza kitu cha maana. Kabla ya kulala niliangalia skrini yangu: betri asilimia 64. Nikalala bila wasiwasi. Saa tisa usiku ukimya ukaniamsha. Friji imezima, taa haziwaki, skrini yenyewe giza. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 ilikuwa imejikata kwa kuishiwa.

Sensa haikuwa na kosa. Shanti, kile kipande cha chuma kinachopimia mkondo, nilikifunga upande wa hasi, nacho huhesabu kinachopita ndani yake tu. Waya mweusi wa friji niliufunga mwenyewe miezi kadhaa kabla ya kuwa na shanti, ukapita nyuma ya ubao wa pembeni moja kwa moja mpaka kwenye boliti ya betri, bila kupitia shanti. Asubuhi nilichaji kidogo kwa altaneta, jenereta ya injini, nikazima injini, nikaubana waya ule kwa mita ya kibano: ampea 4.1. Skrini wakati huohuo ilisema 0.3. Kwa hiyo mfumo uliona karibu ampea-saa 36 tu zikitoka, na nyingine kama 64 friji ilizila kinyemela.

Ukitaka kujenga kitu kama hiki, kabla ya kugusa programu fuata nyaya zote za hasi kwa mkono, hata zile zilizofungwa kwenye chasi. Kwenye hasi ya betri ubaki waya mmoja tu, unaokwenda kwenye shanti.

Vifaa ni vya kawaida: ESP32 (kijikompyuta kinachoendesha programu), chipu ya INA226 inayosoma shanti, na shanti yenyewe, inayotoa milivolti 75 mkondo ukifika ampea 100. INA226 inavumilia volti 36 na inasoma mpaka karibu milivolti 82 kwenye shanti, hivyo zinaelewana. Kupima volti peke yake nilijaribu, nikaacha. Betri ya LiFePO4, aina ya lithiamu niliyo nayo, hukaa kwenye volti 13 na ushee sehemu kubwa ya chaji yake, robo tatu na nusu huzioni tofauti. Hesabu ya ampea nayo huteleza polepole, kwa hiyo nimeiagiza irudi asilimia 100 pale tu volti zinapopanda kiwango cha kujaa na mkondo wa chaji unaposhuka karibu na sifuri.

Umeme wa ESP32 niliuchukua kwanza kwenye soketi ya kiberiti. Upuuzi. Kila nikipiga stata volti zinaanguka, kijikompyuta kinajizima na hesabu yote inapotea. Bodi ya kwanza iliungua kabisa. Nadhani ni mruko wa volti kutoka altaneta. Sasa inakula kwenye betri ya nyuma, ile ya lithiamu, kupitia fyuzi ndogo iliyo karibu kabisa na betri na kishusha volti kilichotengenezwa kwa ajili ya magari, na hesabu inahifadhiwa kila dakika tano. Waifai nimeifunga kwa kitufe, isile chaji usiku kucha.

Sensa za joto za DS18B20 nimezipenda. Tatu zinatumia waya mmoja wa data na rezista moja ya kiloomu 4.7. Moja imeegemea betri, maana lithiamu ya aina hii haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0. Ukiona ghafla friji ina nyuzi 85, usikimbie na maji: hiyo ndiyo namba sensa inayoitoa ikiwashwa kabla haijapima, na mara nyingi maana yake kuna waya umelegea.

Kilichonishinda ni tangi la maji. Sensa ya mawimbi ya sauti inasoma vizuri gari likiwa limesimama mahali tambarare. Likitembea, maji yanacheza na namba zinacheza nayo. Likiegeshwa kwenye mteremko, kwenye skrini tangi linajaa lenyewe. Kwa maji bado nagonga tangi kwa kidole.