Kibera na Mukuru: kuhamishwa au kuulizwa?

Katika kuboresha mitaa ya mabanda, Nairobi imejaribu njia zote mbili: kuwahamisha wakazi na kuwauliza. Kibera, mwaka 2009, wakazi wa sehemu yake ya Soweto Mashariki walihamishiwa maghorofa ya Lang'ata wakisubiri kujengewa nyumba mpya. Choo cha ndani na maji ya bomba si jambo dogo. Lakini mama aliyezoea kupanga sukuma wiki mlangoni pake atamuuzia nani akiwa ghorofani?

Mukuru, mtaa mwingine wa mabanda, ilitangazwa mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo la kupangwa kwa utaratibu wake wa pekee. Huko kaya zilijipanga katika vikundi vya kaya 10, Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, ukiwa mstari wa mbele, zikajadili barabara ipite wapi na vyoo vikae wapi. Ni kazi ya polepole mno. Hata hivyo mimi naichagua, maana anayeruka mtaro wa mtaani kwake kila asubuhi anajua maji hufurikia wapi masika ikiingia.