Drili ya Meza ya Gerezani: Msinunue (au Nunueni, Ila Mnisome Kwanza)

Hasira hii ninayo tangu kabla ya mfungo, leo naitoa. Nilinunua drili ya meza pale Gerezani, Kariakoo. Duka silitaji, sitaki kesi. Laki nne na ushee, chuma kizito, rangi inang'aa. Banda langu la gari sasa ni karakana: najenga ndege ya watu wawili, Zenith CH 701, ya bati za alumini zinazounganishwa kwa ribiti za kufyatua. Nimeanza na usukani wa mkia, kama wajenzi wengi wa ndege hii.

Nikashusha biti ya milimita 3.2 kwenye kipande cha majaribio. Tundu likatoka kama yai. Nikabadilisha biti, yai. Nikakaza upya kwa ufunguo wake, yai! Nikachomoa umeme, nikaizungusha taratibu kwa mkono huku nimekodolea macho ile ncha: inayumba. Shafti yenyewe imepinda, na mashine ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi.

Kwa asiyejua, ribiti hushika kwa kujaza tundu. Tundu likizidi, ribiti inacheza, injini inatikisa, ufa unaanzia hapo hapo. Alumini haitaki mchezo. Hata penseli hatuchorei, tunatumia kalamu ya wino, maana ule weusi wa penseli huila alumini ikipata unyevu, na unyevu Dar tunao wa kugawa.

Nikairudisha. Muuzaji hata hakuinuka kitini.

"Mzee, mbona mafundi mageti wanazichukua kila siku na hawalalamiki?"

Nikamwambia mimi sitengenezi geti, natengeneza ndege. Duka zima likacheka, hadi wateja.

"Ndege? Si ungekata tiketi tu, mzee wangu!"

Nikatoa risiti ya EFD. Akasema waranti ni ya mota peke yake. "Mota si inazunguka?"

Inazunguka, ndiyo. Hata feni inazunguka! Geti likilegea litapiga kelele tu, lakini bawa likilegea nani atanishusha?

Haki yao niwape: drili ya betri niliyoichukua humo humo ni kifaa cha uhakika. Naishika kwa mkono, bati nimelibana juu ya ubao, na matundu yanatoka safi, makali ya ukingoni nayaondoa kwa biti kubwa niliyoitia mpini. Yaani mkono wangu mtupu umeishinda mashine ya mezani. Grenda yao pia haina neno, mradi jiwe la chuma usilipelekee alumini, linaziba. Kleko, vile vibanio vya kushikiza bati kabla ya ribiti, msihangaike kuviulizia pale. Vyangu vililetwa na shemeji kutoka Marekani.

Kwa hiyo nyota tatu? Nilitaka kuandika tatu. Nikikumbuka kile kicheko, moja. Drili ya betri inunueni, ya meza muachieni yeye na mafundi mageti wake, na kabla hujalipa lazimisha iwashwe dukani, utazame ncha ya biti kwa macho yako.

Bado sina kompresa ya upepo ya kufyatulia ribiti, na ribiti ni maelfu, kwa mkono kiganja kitakwisha. Ya saizi ninayoitaka nimeiona kwao tu. Nitamtuma mtu, na nimeshamwonya asitamke neno ndege.