Valgrind na ASan: nlivyozitumia kwa programu ya mizani, na ipi ntabaki nayo

Niseme mapema, mimi si fundi wa kuandika C (lugha ya programu) kutoka mwanzo, kazi yangu ni kurekebisha vitu watu washaandika wakaondoka. Kuna yadi moja ya mchanga na kokoto upande wa Miritini, Mombasa, nawatunzia programu ya mizani, lori likipanda inasoma uzito kwa waya, inatoa risiti, basi. Aliyeiandika alishahama na maelezo hakuacha hata mstari. Sasa hii programu inakufa. Si kila siku, itaenda siku nne tano vizuri kabisa halafu saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, malori yamepanga mpaka barabarani, ami wa mizani anipigia "mwanangu mashini ishakufa tena, watu wanitukana huku", na mimi niko Mwembe Tayari sahani ya pilau hata sijaigusa.

Kwenye logi kinachobaki ni hiki tu: free(): invalid size. Wiki tatu nimeiandama hiyo free (amri ya kurudisha memori iliyokwisha kazi), nimezikagua zote moja moja kama mtu anatoa mawe kwa mchele, na zote ziko sawa. Ndo nikaamua kutafuta kifaa cha kuchunguza memori programu ikiwa inatembea, nikaanza na Valgrind halafu nikaenda kwa AddressSanitizer, wengi wanaiita ASan. Zote bure, sijalipa hata shilingi.

Valgrind ni ya zamani, imetoka 2002, mwanzilishi wake ni Julian Seward. Kuiweka ni sudo apt install valgrind na umemaliza, hata kwa laptopu yangu hii ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Utamu wake ni kwamba programu yako haiguswi, yenyewe inaichukua ilivyo na kuiendesha ndani ya prosesa ya kuigiza, na kwa kila kipande cha memori inajiwekea kumbukumbu mbili: hapa paruhusiwa kuguswa au la, na je, hapa pashawekwa thamani au kuna takataka tu. Wewe unakompaili (yaani kugeuza kodi kuwa programu) na -g ili ikupe namba za mistari, halafu valgrind --leak-check=full na jina la programu yako, Memcheck, kile kipande chake cha kukagua memori, inaingia kazini yenyewe.

Ila nlipata tabu ya kwanza hapo hapo. Programu ikiwa ndani ya Valgrind ni mzito kupita kiasi, majaribio yangu ya sekunde 40 yalichukua karibu dakika 17, na wenyewe kwenye maelezo yao wanasema tarajia mara 20 mpaka 30 kwa hivo siwezi kusema nimedanganywa. Lakini mizani haisubiri! Inatuma uzito, programu bado inajikokota, laini inakatika. Ikabidi nirekodi data ya mizani ya siku tatu kwenye faili, nikarudi nyumbani, nikailisha programu hiyo faili usiku feni ikinipepea. Kama programu yako inaongea na kifaa cha nje jiandae na hilo.

Basi asubuhi nafungua naona imeandika kuna maandishi haramu ya baiti 1, mstari wa 212 wa risiti.c, na chini yake maneno ambayo nliyasoma mara tatu: anwani hii iko baiti 0 baada ya kipande cha baiti 24. Baiti 0 baada, yaani mlangoni kabisa kwa jirani. Na inakuonyesha pia mstari gani ulioomba hicho kipande. Nikafungua mstari wa 212, ni sprintf (amri ya C ya kuunganisha maandishi) inayopanga risiti, nikachukua kalamu nikahesabu. Namba ya lori herufi tatu, nafasi, tarakimu tatu, herufi moja, hizo 8. Mkwaju (/) 1. Namba ya trela herufi mbili, nafasi, tarakimu nne, hizo 7. Nafasi 1, uzito tarakimu 5, na kg 2. Jumla 24 kamili, na jamaa aliomba 24 kamili, akasahau ile sifuri ya mwisho ambayo C lazima iiweke kufunga stringi, yaani maandishi. Ya 25.

Ndo mana ilikua haitabiriki jameni, pale yadi wanaingia tipa zaidi, hazina trela, risiti yake ni fupi na inatosha bila tatizo. Trela huja moja moja. Ikija, ile sifuri inamwagikia jirani, na kwenye Linux ya biti 64 ukiomba 24 unapewa 24 bila ziada, baiti inayofuata ni pale malloc (amri ya kuomba memori) ilipoandika saizi ya kipande kinachofuata. Saizi ikifutwa hakuna kinachotokea wakati ule. Kinatokea baadae, anapokuja mwengine kabisa kufanya free ya hicho kipande cha jirani, anakuta saizi haina maana, programu inajiua na lawama inamwangukia yeye. Wiki tatu nilikua nahoji shahidi.

Sasa ASan. Hii ni ya mainjinia wa Google, waliieleza kwenye karatasi yao ya 2012, na huna haja ya kuinstoli kitu manake iko ndani ya kompaila tayari, Clang tangu 3.1 na GCC tangu 4.8. Unaongeza -fsanitize=address -g unakompaili upya. Kila baiti 8 za programu inazitunzia baiti 1 ya kivuli pembeni, na katikati ya vipande inaacha maeneo yenye sumu, ukikanyaga tu umeshikwa. Majaribio yale yale yalichukua dakika 1 na sekunde kama 10! Wenyewe walipima wakapata wastani wa kupunguza kasi kwa 73% na memori mara 3.4, kwa laptopu yangu memori ndo iliyonibana zaidi maana nlikua na brauza wazi, nikaifunga. Ilikamata lile kosa hapo hapo, ikaandika kwa rangi nyekundu kuwa nimeandika baiti 25 kwenye kipande cha 24, na chini inakuchorea kivuli chenyewe: 00 00 00 halafu fa. Sifuri tatu ni baiti 24 zako, fa ni sumu. Nlipenda sana hiyo picha. Ila ikikuta kosa la kwanza inasimama, unarekebisha unaanza tena, Valgrind yenyewe inaendelea kukusomea orodha nzima mpaka mwisho.

Kwa hivo mtu atasema ASan imeshinda twende nyumbani. Ngoja kwanza. Nikatengeneza kiprogramu kidogo chenye safu ya namba 10 ndani ya fankisheni, nikaandika kwenye ya 11. ASan ikapiga kelele, Valgrind kimya, manake safu zilizo kwenye steki (memori ya muda ya fankisheni) Memcheck haijui mipaka yake. Halafu nikageuza, nikatumia namba ambayo sijaipa thamani. ASan kimya kama maji ya mtungi, Valgrind ikaniambia uamuzi wa if yako unategemea kitu hakijawekwa thamani, na ukiongeza --track-origins=yes inakwambia kilizaliwa wapi. Na sikua nacheza, hilo la pili lilikuwemo kwenye programu ya mizani kweli: uzito unasomwa kabla mizani haijajibu mara ya kwanza. Clang ina MemorySanitizer ya kazi hiyo lakini inataka laibrari zako zote zikompailiwe nayo, na laibrari ya hii mizani tulipewa faili ya .so tu, imeshakompailiwa, kodi yake hatuna. Hapo ASan nayo inaona kidogo sana ndani, Valgrind inaingia haibishi hodi.

Kitu kimoja cha kuangalia na haya malalamiko ya thamani ambazo hazijawekwa. Rafiki yangu aliponiona nakuna kichwa akaniambia "si ufute tu huo mstari, kelele itaisha". 2006 kuna mtu wa Debian (aina ya Linux) alifanya hivo hivo kwenye OpenSSL (laibrari ya kuficha siri), vifaa kama hivi vilikua vinalalamika akatoa mistari miwili, ikaja kugunduliwa 2008 kwamba funguo za siri zote zilizotengenezwa na OpenSSL hiyo ya Debian muda huo zinakisiwa kirahisi, chanzo cha bahati nasibu kilibaki namba ya prosesi tu, ambayo wakati ule kwa kawaida haikuzidi 32,768. Kwa hivo mimi mstari sikufuta, nliuliza kwanza uzito unatoka wapi.

Maksi zangu: ASan 9 kwa 10, nimeiacha kwenye Makefile (faili ya maagizo ya kukompaili) kila nikijaribu inapita nayo, moja nimetoa kwa sababu ya memori. Valgrind 8, ni kobe na nyuzi za programu inaziendesha moja kwa wakati, lakini ndo iliyonitoa kwenye wiki tatu za ujinga na ndo nnayoirudia Jumamosi usiku. Na msiziendeshe pamoja, programu iliyokompailiwa na ASan ukiitia ndani ya Valgrind haiendi.

Kuhusu yadi, nimebadilisha 24 ikawa 64 na sprintf ikawa snprintf, ambayo haivuki kikomo ulichoipa, ami ananiambia trela zimepita nyingi na hajaniita tena. Kilichobaki ni ile laibrari ya mizani, Valgrind inaonyesha inavujisha baiti 48 kila ikiunganishwa upya, nimewaandikia waliotuuzia mara mbili hawajajibu, kwa hivo nimeweka cron (inaendesha kazi yenyewe kwa saa uliyopanga) inaizima programu na kuiwasha kila Jumapili saa nane usiku.