Tathmini ya Huduma: Kufunika Kuta za Chumba cha Chini, Mbeya

Baadhi ya nyumba zilizojengwa kwenye miteremko ya Mlima Loleza zina vyumba vya chini ambavyo ukuta wake wa nyuma umeegemea udongo. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na ifikapo Juni na Julai ukuta wa aina hiyo hubaki wa baridi kutwa nzima. Hewa yenye mvuke ikiugusa, hutona matone, na ukungu mweusi huota nyuma ya makabati hata rangi ikipakwa upya. Chumba chetu tulikikabidhi kwa mafundi wa mtaani wanaopiga fremu na bodi za jipsamu, na kwa sehemu kubwa kazi yao nimeiridhia.

Walikataa katakata kugusa ukuta kabla maji ya nje hayajadhibitiwa. Walichimba mtaro nyuma ya nyumba, wakarefusha bomba la maji ya paa, kisha wakabandika kipande cha nailoni ukutani kwa tepu pande zote na kukiacha siku kadhaa. Maji yakijikusanya upande wa ukutani, yanatoka kwenye udongo. Yakijikusanya upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani. Kwetu nailoni ilikauka upande wa ukutani, ndipo wakaanza.

Vibao vya polistirini, vile vyeupe vyepesi vinavyokuja na televisheni mpya, vyenye unene wa sentimita 5, walivigandisha moja kwa moja ukutani na kuziba viungio vyote. Unene huo huzuia joto lisipotee kwa kiasi kinachokaribia ukuta wa matofali wa mita nzima. Fremu waliisimamisha mbele ya vibao, ili mbao zisiguse ukuta na kunyonya unyevu. Wapo mafundi wanaoanza na fremu na kujaza sufi ya kioo (nyuzi laini za kioo za kuzuia joto lisipotee) katikati, nami nawasihi wenye nyumba wasikubali, kwa sababu sufi ikilowa haizuii tena baridi, na mbao huoza bila mtu kuona. Mbao zetu ni za msindano (paini) wa Sao Hill, msitu wa kupandwa ulioko Mufindi, na ule ubao unaolala sakafuni ulitiwa dawa. Nguzo zimeachana sentimita 60, hivyo kingo za bodi ya jipsamu yenye upana wa mita 1.2 huangukia juu ya nguzo.

Dosari ilikuwa chini ya ngazi, ambako waliacha polistirini wazi wakidai hakuna atakayeiona. Polistirini hushika moto upesi na moshi wake ni hatari, kwa hiyo jipsamu inayoifunika si pambo. Walirudi kuifunika, lakini baada ya kukumbushwa mara nyingi.

Mbao hazikutugharimu sana, kwani Mufindi si mbali. Polistirini ndiyo iliyokula fedha. Anayetaka kuwaita mafundi wa kazi hii asubiri mvua zikatike mwezi Mei, na makubaliano yaandikwe kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya kila kibao kufunikwa.