Kutazama Filamu Ngome Kongwe, Forodhani

Kila ifikapo katikati ya mwaka, jamaa zangu wa bara huniuliza kama inafaa kufunga safari ya Unguja kwa ajili ya Tamasha la Nchi za Jahazi, tamasha la filamu ambalo wengi hulijua kwa jina la ZIFF. Mimi huwajibu waje, na wasikose angalau usiku mmoja ndani ya Ngome Kongwe, kwa sababu sijaona mahali pengine katika mwambao wetu ambapo filamu hutazamwa namna ile. Tamasha lenyewe lilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na lina kumbi kadhaa, lakini hapa nazungumzia ukumbi huu mmoja tu, ambao nimeukalia miaka mingi.

Ukitoka bustani ya Forodhani unavuka barabara, unaingia kwa lango la ngome na kupita kwenye ua wenye maduka ya vinyago, vikapu na picha za kuchora, halafu unafika kwenye ua wa pili, ambako ngazi za mawe zimepangwa kwa umbo la nusu duara kulizunguka jukwaa. Paa hakuna. Kuta zinazokuzunguka zilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao, na baadaye zikatumika kuwa gereza, kisha karakana ya reli. Leo pazia jeupe husimamishwa mbele yake, na giza likiingia unaona mkanda wa mwanga wa projekta ukipita juu ya vichwa vya watu, nondo wakicheza ndani yake.

Giza ndilo linaloamua saa ya kuanza. Jua la Juni huzama Unguja kama saa kumi na mbili na robo, lakini anga hubaki na weupe kwa muda, na watu wengi hupenda kuswali kwanza, kwa hiyo anayetaka nafasi nzuri na aingie mapema, akae ngazi za katikati, usawa wa pazia. Walio juu kabisa hupata upepo wa kusi moja kwa moja kutoka baharini, na katika msimu ule usiku wa Forodhani huwa na ubaridi ambao wageni hawautarajii. Jiwe nalo ni jiwe; filamu ya saa mbili ni ndefu kwa mgongo wa mtu mzima, basi njoo na mto mdogo au kanga iliyokunjwa mara nne. Sauti hunipendeza zaidi ya nilivyotegemea mara ya kwanza. Kuta zile nene huizuia isitawanyike, ingawa upepo ukizidi maneno ya chini chini hupotea.

Kinachonirudisha kila mwaka hasa ni watu wanaokaa kwenye ngazi zile. Kuna usiku mmoja nilikaa nyuma ya bibi kizee aliyekuja na mjukuu wake, mvulana wa miaka tisa au kumi. Filamu ilikuwa ya nchi nyingine, na maandishi ya tafsiri chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza. Mvulana alikuwa akiyasoma na kumnong'oneza bibi yake sikioni.

"Bibi, anasema ndo haji tena."

"Muongo huyo. Atakuja."

Baada ya nusu saa yule mtu wa kwenye filamu akarudi kweli, na bibi akampiga mjukuu wake kikofi kidogo cha goti, kwa furaha ya kushinda. Watu wa ngazi tatu jirani walicheka naye, kwa sababu sote tulikuwa tumeshaanza kumsikiliza yeye kuliko filamu.

Lakini si kila bibi ana mjukuu wa kumsomea. Filamu za Kiswahili zinapooneshwa, ukumbi mzima hubadilika: watu hujibizana na waigizaji, huonya, hulaani, hupiga makofi. Filamu ya mbali isiyokuwa na Kiswahili hutazamwa kwa adabu, na baadhi ya wazee huondoka kabla haijafika nusu. Ningependa sana watengenezaji wanaotaka kazi zao zifike mwambao huu wazilete na maandishi ya Kiswahili, kwani watazamaji wapo, na wameketi juu ya mawe wakisubiri.

Unguja haikuanza sinema juzi. Jumba la sinema la Majestic, pale Vuga, lilifunguliwa mwaka 1955, na mama yangu alikuwa akinisimulia foleni za sikukuu, filamu za Kihindi ambazo watu walitoka wakiimba nyimbo zake bila kujua Kihindi, na maonesho ya wanawake peke yao, ambayo yalimwezesha hata mwali aliyefungiwa nyumbani kutoka na kuona dunia. Milango ile ilikuja kufungwa. Sasa kwa sehemu kubwa ya mwaka filamu hutazamwa sebuleni au kwenye simu, kila mtu na yake. Ndiyo maana nayahesabu majumba yetu ya kale kwa uchungu, na tangu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la masultani, ilipoporomoka hatua chache tu kutoka Ngome Kongwe, huwa siingii ngomeni bila ya kuzitazama kuta zake.

Kuhusu chakula, usiingie na njaa kwa kutegemea mapumziko. Kula Forodhani kabla: urojo, mishikaki, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Uliza bei kabla hujaagiza samaki. Mimi mwenyewe, mwenyeji, niliwahi kutajiwa mbele ya wageni wangu bei ambayo muuzaji asingethubutu kumwambia jirani yake, na kwa kuwa tulikuwa tumeshakula, nikalipa.

La mwisho ni usafiri. Onesho la pili likichelewa, daladala huwa zimeshapungua, na anayekaa Fuoni au Mwanakwerekwe atapata tabu kurudi. Sisi majirani wanne huchangia gari moja, dereva tunapatana naye tangu jioni, naye siku hizi hukata tiketi yake na kukaa nasi mpaka mwisho.