Tulikodi bendi ya swing kwa harusi yetu Dar es Salaam: uzoefu wangu

Nianze na swali ambalo nimeulizwa kuliko yote tangu tuoane: je, watu walicheza? Walicheza, na wa kwanza kuinuka walikuwa wazee.

Bendi yetu ya swing, yaani jazz ya kuchezea dansi, ilikuwa na watu tisa: tarumbeta mbili, saksafoni mbili, tromboni, kinanda, gitaa la besi, drams na mwimbaji wa kike. Kamati ya harusi iliipinga vikali. Ukitaja tarumbeta kwenye harusi ya Dar, watu wanafikiria yale matarumbeta ya kwenye pikapu yanayosindikiza msafara. Ukitaja jazz, wanaona hoteli, watu wamekaa kimya na glasi mkononi. Lakini swing ilizaliwa ichezwe. Savoy Ballroom, ukumbi uliofunguliwa Harlem, New York, mwaka 1926, ulikuwa ukijaa watu wakicheza mbele ya bendi ya mpiga drams Chick Webb. Hakuna aliyekwenda pale kukaa.

Wala huku kwetu si muziki wa kigeni kiasi hicho. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932, na baadaye zikaja Morogoro Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz na nyingine nyingi. Walichopiga kilielemea zaidi rumba ya Cuba na ya Kongo, lakini waliwalea wazazi wetu katika dansi la kushikana wawili wawili. Ndiyo maana besi ilipoanza kutembea, nne kwa nne bila haraka, baba mkwe hakusubiri MC amwite. Alimshika mama mkwe mkono wakaingia uwanjani, na miguu yao ilijua kabisa pa kwenda. Vijana walikaa wakiwatazama, simu juu, kisha wakajaa.

Kilichonishawishi kwamba pesa ile haikupotea ni namna kiongozi wa bendi alivyokuwa akiutazama ukumbi. Wakati wa kuingia, mashangazi walituzuia njiani wakaserebuka, tukakwama katikati ya ukumbi. Wimbo wa kwenye kompyuta ungeisha tukiwa hapohapo. Yeye alinyoosha kidole, wapulizaji wakarudia kiitikio, wakarudia tena, mpaka tulipofika meza kuu ndipo akaufunga. Baadaye shangazi mmoja alikwenda kumtunza mpuliza saksafoni, wengine wakafuata na noti zao. Kijana yule akashuka jukwaani akawapulizia mezani, bendi nzima ikimsubiri huku drams zikibembea taratibu. Hakuna aliyekuwa amelipanga hilo, na ndilo watu wanalolisimulia hadi leo.

Kuhusu sauti, fundi mitambo wa ukumbi alitaka kila chombo kiwe na maiki yake. Kiongozi wa bendi akakataa, na nilifurahi. Tarumbeta katika ukumbi wa kawaida hujitosheleza. Waliopita kwenye spika ni mwimbaji, kinanda na besi, pamoja na maiki moja mbele kwa anayesimama kupiga solo. Wageni waliweza kuzungumza wakati wa chakula bila kupigiana kelele, jambo ambalo sijaliona kwenye sherehe nyingi nilizohudhuria mjini. Hata hivyo, meza zilizokuwa usawa wa midomo ya tarumbeta ziliumia. Ukumbi wako ukiwa na vigae na vioo vingi, wazee wakae pembeni, na mpamba ukumbi aongeze vitambaa nyuma ya jukwaa.

Sasa yaliyonikera. Tulisaini vipindi vitatu vya dakika 45, kuanzia saa 2 usiku. Picha na foleni vilituchelewesha, kisha MC akaurefusha utambulisho wa familia kana kwamba usiku hauna mwisho. Ukumbi ulikuwa unafunga saa 6. Kipindi cha tatu, ambacho bendi ilikuwa imekihifadhia nyimbo za kasi, kilikatwa katikati watu wakiwa wamejaa uwanjani, na malipo yalibaki yaleyale. Bendi haikuwa na kosa: ilikuwa imepanga vyombo jukwaani mapema na kutusubiri. Kama unakodi bendi hai, MC akabidhiwe ratiba yao kwa maandishi, na kipindi kimoja kizima kiwe kabla ya chakula.

Jambo jingine ni zilipendwa. Nilitaka nyimbo nyingi za zamani za Kiswahili zipigwe kwa mtindo wa swing, nikapata mbili tu. Sababu yao naikubali: kila mpulizaji lazima aandikiwe nota zake, na saksafoni ya alto haiandikiwi katika ufunguo mmoja na tarumbeta, hivyo wimbo mmoja unakula siku kadhaa za kazi na mazoezi. Walitoza ziada kwa kila wimbo. Lakini hizo mbili zilipopigwa, ukumbi mzima uliimba kuliko bendi.

Bei ilikaribia mara nne ya DJ, nusu tukiilipa siku ya kusaini. Usafiri na chakula cha wanamuziki vilikuwa juu yetu. Kabla ya kulipa tulikwenda kwenye mazoezi yao tukawasikia kwa masikio yetu, na walewale ndio waliokuja ukumbini. Nasisitiza hili kwa sababu kundi jingine lilituonyesha video yenye safu nzima ya wapulizaji, tulipobana ikajulikana kwamba wangekuja watu watatu na kinanda kinachoigiza tarumbeta. Kwenye mkataba iandikwe idadi ya watu na chombo cha kila mmoja.

Kwa bajeti ndogo ningechukua watu wanne: kinanda, besi, drams na saksafoni, wapige tangu wageni wanapowasili hadi chakula kinapoisha, halafu DJ apokee. Utakosa ule mshindo wa tarumbeta na tromboni kwa pamoja, na binafsi ningejinyima keki ya ngazi nyingi ili nisiukose. Ila saksafoni moja iliyo hai, mbele ya wazee waliovaa wakapendeza, bado itawatoa vitini.