Wino wa maji kwenye maboksi ya khaki: uzoefu wangu

Nachapa maboksi Nyakato hapa Mwanza, mengi ya minofu ya sangara, machache ya wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba. Mashine ni flekso ya rangi mbili, yaani inachapa kwa pleti laini kama muhuri. Msimu mzima sasa natumia wino wa maji unaoletwa kwa ndoo kutoka Dar es Salaam, mweusi na bluu.

Mweusi nausifu. Khaki ya karatasi zilizorejelewa hunywa wino kama mchanga, lakini huu unabaki juu kiasi cha kutosha, na herufi ndogo za tarehe hazivimbi. Bluu inatoka imefifia, ina uchafu fulani. Hapo simlaumu muuzaji, kwani ukahawia wa karatasi unaonekana chini yake. Anayetaka bluu ya kung'aa alipie boksi lenye uso mweupe.

Kazi yenyewe iko kwenye pH, kipimo cha asidi na alkali ya wino. Ndoo inasema ikae kati ya 8.5 na 9.5. Wino ukizunguka mashineni, kemikali iitwayo amini, inayoishikilia pH juu, inapaa hewani, na mchana wa jua kali inapaa upesi zaidi. pH ikishuka wino unakuwa mzito, unakaukia kwenye vishimo vya aniloksi, rola inayopeleka wino kwenye pleti, chapa inatoka na mabaka. Mafundi wengi wakiona hivyo wanamimina maji. Unakuwa mwepesi kweli, lakini rangi inapauka na pH iko palepale chini. Sisi tunapima pH kwanza kwa kipimo cha mkononi, tunaongeza kirekebishi cha pH kidogo kidogo, ndipo tunachukua kikombe cha mnato na saa, kupima uzito wa wino kwa sekunde unazochukua kutiririka. Povu bado linatusumbua, hasa ndoo ikikaribia kuisha na pampu ikavuta hewa.

Masika ni shughuli nyingine. Hewa ya ziwani ikiwa imejaa unyevu, wino unachelewa kukauka, na maboksi yakipangwa mapema rangi inahamia mgongoni mwa boksi la juu. Tumeweka feni kubwa, na mwendo wa mashine tunaupunguza.

Kwa maboksi yaliyokwisha kupakwa nta msiununue wino huu kabisa, haushiki. Na ile mistari inayofuata mawimbi ya karatasi ya ndani ya boksi si ya wino: legezeni mgandamizo wa pleti.

Bei imezidi ya wino niliokuwa nao awali. Mweusi nitaagiza tena. Bluu bado natafuta.